Mahali na Mahari

Kabla ya kugusa kompyuta, fundi wa tovuti hupangusa vidole kwenye suruali kama mtu aliyekaribishwa chakula, kisha huusemesha ukurasa kwa sauti yake ya Bungoma: "Teremka porepore, bana." Khairunisa, muuza miche wa Kitale, alimwita kwa ajili ya mamake. Kila mama alipobonyeza "Bei", ukurasa uliruka ghafla, akadhani ametupwa kwenye duka la watu wengine. Sasa uliteleza taratibu, ukaipita miche ya parachichi mmoja mmoja, ukatua kwenye bei. Lakini kitufe cha "Mahali" hakikumpeleka mtu popote. Fundi aliinama, midomo ikichezacheza, hadi Khairunisa alipoona kwenye kompyuta jina ambalo fundi aliipa sehemu hiyo ya ukurasa: mahari.

"Fundi, kwani kuna harusi?"

Fundi alicheka akijifunika mdomo, akabadilisha herufi moja. Kisha akampa mama simu, akaweka mikono nyuma ili asimwelekeze. Mama alibonyeza. Ukurasa ukashuka polepole mpaka kwenye picha ya lango lao la buluu.

"Nimefika," akasema mama. Khairunisa alikuwa ameshamnyooshea kikombe cha chai. "Hapana," mama akakataa. "Mpe fundi kwanza."