Njuguna, Aliyevunja Mlango Wangu

Haijaniingia akilini, jameni. Njuguna ameenda. Tangu asubuhi nausoma ule ujumbe wa msiba wa familia yake nikidhani nitakuta jina la mtu mwingine.

Nikamtumia binti yangu Nekesa habari. Akanijibu: "Pole Baba. Lakini si huyo ndiye alitaka kuniua nikiwa mtoto?"

Ndiyo maana naandika. Nyinyi mliokaa nasi Makadara enzi hizo, nivumilieni.

Tulikutana kwenye karakana moja ya vyuma, miaka ya sabini ikielekea kuisha. Yeye welda, mimi msaidizi wake. Mwanamume wa miraba minne, lakini mpole hadi fomeni, msimamizi wetu, alikuwa anamtania kwamba huomba ruhusa kabla ya kukohoa. Tukapanga vyumba vya kupakana, ukuta mmoja. Akipika chapati naletewa, nikipata samaki namgawia.

Halafu siku moja ndoano ya winchi ya kuinulia vyuma ikachomoka, ikamgonga hapa juu ya sikio. Alirudi kazini baada ya wiki tatu, tukampigia makofi. Tukadhani yameisha.

Miezi ikapita. Nikaanza kumwona anaacha kuchomelea ghafla. Anakodoa macho, ananusa, anatafunatafuna na mdomoni hamna kitu. Ananiambia, "Wekesa, mpira unaungua." Hakukuwa na mpira. Nilicheka, nasema ukweli.

Kwenye ploti yetu, wapangaji wengi uwanja mmoja, ukisikia "Moto!" unatoka na ndoo, huulizi. Mara ya kwanza alipopiga kelele tulitoka wote. Tukamkuta anapiga majiko ya watu mateke, makaa yanaruka, maharagwe ya jirani yamemwagika uwanja mzima. Tulipomshika akamrusha mtu mzima ukutani, jino likatoka. Dakika kumi baadaye ameketi chini anauliza, "Kwani kumetokea nini?"

Hilo swali ndilo liliwakasirisha watu zaidi. "Anajifanya huyo!" Wengine wakasema bangi, wengine amerogwa. Wakaja wa kumwombea, wanaume wanne wamemkalia kifuani, akamng'ata mmoja mkono mpaka damu. Mke wake alitoka siku moja jicho limevimba, akaniambia, "Shemeji, huyu si Njuguna wangu. Hata hajui amenigonga."

Akina mama wakajipangia yao. Njuguna akionekana anarudi, majiko yanaingizwa ndani na milango inafungwa. Chakula kinapona. Sote tuliona ni akili nzuri sana.

Jumamosi moja, saa saba mchana, nimefika tu langoni nikasikia mlango unapasuka. Mlango wangu. Njuguna akatoka mbio amembeba Nekesa, mtoto wa miezi minane, kichwa kinaning'inia, mdomo wazi. Mke wangu alikuwa bombani anafua, akapiga nduru. Njuguna naye anaunguruma, "Moto! Moto!" macho yake hayamwoni mtu.

Mimi nilichoona ni mtoto wangu amenyongwa.

Nikaokota nondo. Nikampiga mgongoni. Nikampiga tena. Ya tatu ikashukia mkono, nikasikia mfupa ukivunjika, na mlio huo nausikia hata sasa. Ploti nzima ikaingia: mawe, mateke, hadi mwiko wa ugali. Alijikunja chini akamfunika mtoto, kila teke likaishia kwake. Tulimtoa Nekesa mikononi mwake kwa kung'ang'ana. Akakohoa. Akatapika. Akalia.

Mke wangu akanivuta kando, akaninong'oneza. "Baba Nekesa, jiko lilikuwa ndani."

Dirisha limefungwa, mtoto amelala kando ya makaa. Hewa ile ingemmaliza kabla nguo hazijaanikwa. Tulitazamana, na hatukulizungumza tena.

Hospitalini tulikompeleka Njuguna, daktari mmoja, mama mtulivu, akauliza nani aliuona ugonjwa ukianza. Nikamweleza yale ya karakana: kunusa, kutafuna, kusahau. Wakambandika nyaya kichwani, mashine ikachora mistari. "Hana pepo wala hajarogwa," akasema. "Pale alipogongwa pana kovu kwenye ubongo. Ni kifafa cha aina yake. Ile harufu ndiyo mwanzo wake, na mkimkamata kwa nguvu akiwa hajitambui ndipo anapigana." Vidonge, asubuhi na jioni.

"Na mkono?" akaniuliza.

"Watu walikuwa wengi, daktari."

Taratibu yule mpole akarudi. Ila mkono haukunyooka tena. Kuchomelea akaacha, akawa bawabu. Kila Julai baridi ikiingia alikuwa anausugua, na mara moja tu akaniuliza, "Wekesa, wewe ulikuwepo. Nani alinivunja?"

Nikamwambia sikuona.

Nekesa nilimwacha akue akiamini hadithi ya ploti. Njuguna akimletea peremende anajificha nyuma yangu, na yule mzee anaziweka mezani na kujichekea tu. Nikanyamaza. Kunyamaza huko kunaniuma kuliko ile nondo.

Nekesa, samahani kwamba unayasoma hapa. Nimejaribu kukupigia mara mbili nikakata. Harufu aliyoisikia haikuwepo, ilikuwa ugonjwa. Jiko letu lilikuwepo. Asingevunja ule mlango, usingekuwa hai kuniuliza hilo swali lako.

Njuguna, ni mimi. Mimi ndiye niliyekuvunja mkono ukiwa umembeba mtoto wangu, na hukumwachilia. Ningekuambia zamani, lakini niliogopa utaacha kuja kwangu kunywa chai. Nilikuwa mwoga, rafiki yangu, basi.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Hakuna kinachoungua.