Pai Yangu na Kopo la Bibi

Mpaka leo naona aibu kupita sokoni, lakini afadhali niyaseme mwenyewe, maana wenzangu wakiyasimulia wanaongeza chumvi, na yalivyo tu yananitosha.

Siku hiyo wazee kutoka Vuga walikuwa wanakuja kumposa dada Zaina, na mimi, niliyerudi likizo kichwa kimejaa mapishi ya memsabu wa skuli, nikasema wageni hawatakunywa chai kwa mihogo ya kuchemsha kama kila nyumba, watakula pai. Matufaha nilikuwa nayo, kikapu kizima kutoka Kwai, na unga upo. Samli ndiyo haikuwepo, mama kaifuata sokoni na kaniambia nisubiri (kusubiri na mimi hatujawahi kupatana). Bibi naye alikuwa kwa jirani, basi nikachungulia chini ya kitanda chake, nikaona kopo la samli, mafuta meupe yameganda vizuri kwa baridi yetu hii. Kunusa nisingeweza, mafua yalikuwa yameniziba pua siku ya tatu. Nikakanda, nikapanga matufaha, nikafunika sufuria, makaa chini, makaa juu, nikaenda kuvaa gauni.

Wageni wakaingia, shikamoo, marahaba, wakakaa. Nikaleta pai yangu, nikaikata mbele yao, mvuke ukatoka. Baba mkubwa wa mchumba, ambaye ndiye msemaji wao, akanusa, akaweka kikombe chini, akamwambia baba taratibu, "Poleni sana. Mbona hamkututumia habari?"

Baba, ambaye naye harufu ilishamfikia, akamtazama mama, mama akanitazama mimi, na mimi (bila pua) nikadhani mzee ananipa pole ya jikoni, nikajibu, "Tumeshapoa, baba. Karibuni mle."

"Hapana, mwanangu. Mambo ya posa hayasemwi kwenye nyumba ya msiba. Tutarudi arobaini ikipita."

Wakainua mikono kuomba dua. Dada Zaina aliposikia arobaini, akaangua kilio nyuma ya pazia, na hapo hata aliyekuwa na shaka akaamini kwamba tumefiwa.

Ndipo bibi akaingia na fimbo yake. "Nani kachukua kopo langu la kuchulia magoti?"

Kumbe yale yalikuwa mafuta ya kondoo yaliyochanganywa na karafuu maiti, ile ile tunayowatilia marehemu wakishaoshwa.

"Hapa hakuna aliyekufa," bibi akawaambia wageni, "ila huyu, nikimshika."

Yule mzee akanitazama, akaitazama pai, akamwuliza baba, "Huyu ndiye tunayemposa?"

"Hapana, ni mdogo wake."

"Alhamdulillahi," akasema, akakaa tena. Posa ikamalizika kwa mihogo ya kuchemsha.

Dada kaolewa, na siku ya harusi mimi nilipewa kazi ya kuteka maji tu, mbali na jiko. Nimeapa sitafungua kopo bila kumwuliza mwenyewe, na samli nitaisubiri hata kama inaletwa kwa miguu kutoka Tanga. Ila kiapo changu hakimsaidii mzee wa Vuga. Nikimpa kikombe cha chai hunusa kwanza, kisha huniuliza kwa sauti ya upole, "Nyumbani wote wazima?"