Walipoliita Shamba Letu Pori

Hasira yangu haijazeeka. Mimi nimezeeka, yenyewe bado. Wajukuu wakiniuliza kwa nini sipiti barabara ya Njombe, nikitoka Makambako, bila kugeuza uso nisitazame ile miwati ya mzungu, miti inayopandwa kwa ajili ya magome yake, huwaambia: pale palikuwa kwetu.

Babu yangu ndiye aliyeanza. Baada ya vita na Wajerumani, njaa ilipokuwa imemaliza watu, alirudi kutoka bondeni amebeba vipande vya mizizi ya mlanzi, ule mwanzi unaotoa pombe ya ulanzi. Watu walimcheka. Wenzake walikuwa wanatafuta mbegu za ulezi, yeye anapanda mianzi! Alipanda mteremko mzima, akapalilia, akazungushia mtaro ili ng'ombe wasile machipukizi. Alipofariki, bibi akashika kazi. Baba alipooa, akaongeza upande wa mtoni. Baba alipochukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga, mama akapanda ngazi mwenyewe kugema, ingawa kwetu mwanamke kugema lilikuwa jambo la kushangaza.

Mvua zikianza, tulikuwa tunakata ncha ya chipukizi na kufunga mbeta, kipande cha mwanzi cha kukinga maji yake. Asubuhi unakata tena kidogo, jioni tena. Ukiacha, kidonda kinakauka na shina halitoi kitu. Nasema haya ili mjue ilivyokuwa kazi. Ulanzi ule ndio uliotuvisha, ndio ulionisomesha misheni mpaka nikajua kusoma. Wazee wa kanisa waliukemea Jumapili, na Jumatatu walituma watoto wao na vibuyu.

Mwaka wazungu walipokuja nilikuwa nimeshaolewa, nimerudi kumsaidia mama, mwanangu wa kwanza mgongoni. Asubuhi moja akaja Bwana Shauri, mzungu wa bomani, pamoja na mzungu mwingine aliyetaka ardhi ya kupanda miwati. Nyuma yao alikuwa jumbe wetu. Na jumbe huyo alikuwa baba yangu mdogo, mdogo wake baba, tumbo moja.

Bwana Shauri alijua Kiswahili. Akamwuliza mama, "Hapa nani analima?"

"Sisi."

"Silioni shamba. Naona mianzi tu."

"Hiyo mianzi ndiyo shamba, bwana. Baba mkwe wangu aliipanda."

Akatabasamu, nami tabasamu lile nalikumbuka kuliko sura yake. "Mama, kahawa ni shamba. Mahindi ni shamba. Mianzi hujiotea."

Mama akamshika mkono, mzungu mzima, akamvuta hadi kwenye shina la karibu. Akamwonyesha mikato ya kisu na mbeta iliyojaa. "Pori gani hili linakatwa asubuhi na jioni? Pori gani lina mtaro? Tazama!"

Bwana Shauri akajinasua, akamgeukia jumbe. "Wewe ni mwenyeji. Hili ni shamba au pori?"

Baba mdogo alikuwa amezaliwa hatua chache kutoka pale. Mtaro ule aliuchimba na babu kwa mikono yake. Wiki hiyohiyo alikuwa amekaa barazani kwetu akinywa mtogwa, ulanzi mtamu wa siku ile. Hakututazama. Akavuta kola ya koti lake la ujumbe akasema, "Ni pori, bwana."

Bibi alikuwa ameketi mlangoni, macho yake hayakuona vizuri tena, lakini sauti ya mwanawe aliijua. "Rudia," akamwambia kwa Kibena. "Rudia nisikie. Baba yako tulimzika kwa pombe ya wapi?"

Aliondoka na wazungu wake.

Walikuja kukata mvua ikiwa imechanganya, mianzi imejaa maji. Vibarua walitoka mbali, sikuwa na ugomvi nao. Kila shina lililoanguka lilitiririka, udongo ukanuka ulanzi, nyuki wakaja kwa maelfu. Wakang'oa mizizi kwa sururu, wakaichoma. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Mama hakulia. Alichukua jembe, akaingia katikati ya wale vibarua, akachimba mizizi aliyoiweza. Msimamizi akafoka, "Wewe mama, ondoka!" Mama akamjibu, "Si pori hili? Pori ni la kila mtu." Vibarua wakacheka, wawili wakaacha kazi yao wakamsaidia kuchimba.

Tuliibeba kichwani hadi Kichiwa kwa wajomba, wakatupa kipande cha ardhi. Bibi alikataa kuhama. Alifariki kabla mvua nyingine hazijaanza, katika nyumba iliyozungukwa na miche ya miwati.

Siku ya mazishi baba mdogo alifika na mtungi wa ulanzi, ameutoa sijui kwa nani. Akautua mbele ya waombolezaji kama mtu aliyeleta heshima. Nikainuka.

"Baba mdogo, pombe hii umeigema pori gani?"

Mchungaji akaniita jina langu polepole. Niliuinua ule mtungi, nikautoa nje ya ua, nikauweka barabarani. Hakuna aliyeufuata, hata wale wanywaji.

Baba aliporudi kutoka mkonge alipitia kwanza kule kwetu kwa zamani, mlinzi akamfukuza kwenye kiwanja alichozaliwa. Alikuja Kichiwa kwa miguu, akakaa chini ya ukuta mpaka jua likazama. Yeye na mdogo wake hawakusalimiana tena.

Mizizi ya mama ilishika. Wanangu wamegema Kichiwa, nao wana watoto wanaogema. Baba mdogo alipougua sana, mkewe alikuja kuniomba kidogo tu, mgonjwa anatamani mtogwa wa kwao.

"Mwambie wa kwao ulichomwa," nikasema.

Kanisani wameniambia mara nyingi nisamehe. Nawasikiliza kwa adabu, kisha nakwenda shambani kwangu.