Ufa Kwenye Kulasi

Papa Adalbert ni fundi wa magari hapa Kataki, mjini Kalemie. Anafanyia kazi kando ya barabara, chini ya mabati, na ukimsalimia anakujibu akiwa amelala chini ya gari. Wengi tunaijua miguu yake kuliko uso wake. Aliyekuwa akizungumza na wateja ni mke wake, Mama Henriette. Ndiye aliyewaambia kama gari litapona au waende nalo kanisani kuliombea, na mumewe alikuwa akicheka huko chini, akisema kwamba mama ndiye daktari, yeye muuguzi tu.

Mwaka jana homa ilimchukua Mama Henriette. Alikuwa mtu wa Mpala, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika. Baba yake alizama akivua, mwili haukuonekana tena, na tangu hapo alisema kwamba siku atakapokufa wasimpitishe juu ya maji ya ziwa lile. Wamrudishe nyumbani kwa barabara. Adalbert alimwahidi hivyo mbele ya ndugu zake.

Barabara yenyewe ni aibu. Wanaokuja kutuomba kura huiahidi, kisha hupanda ndege. Chumba cha maiti nacho hakikuwa na umeme siku zile, ikabidi mwili uwekewe barafu ya wauza samaki. Katika mkoa huu maskini hata akiisha kufa bado anapigana na joto, na anayeona hilo ni jambo la kawaida amekwisha kufa yeye pia.

Papa Germain, anayebeba samaki wakavu kwa gari lake, alijitolea kuupeleka mwili. Asubuhi ya safari, kabla jeneza halijapakiwa, gari lilitoa moshi mweupe na maji yakachemka. Germain alipochomoa kijiti cha kupimia, mafuta ya injini yalikuwa yamegeuka kama chai ya maziwa. Adalbert aliyaona akiwa amekaa kwenye mkeka wa msiba, akainuka. Shemeji yake Floribert, kaka wa marehemu, alimzuia.

"Kaa chini, shemeji. Mufiwa hashike spana. Watu watasema nini?"

"Waseme. Mimi njo nilimuahidi."

Alimwaga maji, akafungua mipira na mabomba, kisha akalegeza bolti za kulasi kidogo kidogo, akianzia za pembeni kwenda katikati, ili chuma kisipinde. Kulasi ni kile kifuniko kizito kinachokaa juu ya injini, na moto wote unawaka chini yake. Floribert, pamoja na hasira zake, alishika upande mmoja wakainyanyua.

Gasketi inayokaa kati yake na injini ilikuwa imeungua. Hiyo si kitu, Adalbert alikuwa na nyingine. Lakini aliisugua kulasi mpaka ikang'aa, akaipaka mafuta ya taa, akaipangusa, kisha akainyunyizia unga wa chaki. Akangoja. Kwenye ule weupe ukajichora mstari mwembamba, mweusi, kati ya valvu mbili.

Floribert hakuona kitu. Adalbert angeweza kuupangusa kwa kidole, na hakuna ambaye angejua.

"Imepasuka," alisema.

"Funga tu. Tutaongeza maji njiani."

"Itafika mulima ya kwanza. Pale itakufa, na yeye atakuwa nyuma, kwenye jua."

"Sema ukweli, Adalbert. Hukupenda Mpala hata siku moja."

Adalbert alipangusa mikono yake polepole. Gari lingine la kufika huko halikuwepo, na barafu ilikuwa inakwisha. "Tumuzike hapa," alisema.

Walimzika Kalemie alasiri ile. Shemeji zake waliondoka makaburini bila kupita nyumbani, na kuanzia hapo hawakumtumia neno. Alirudi chini ya magari. Wateja walipouliza, hakukuwa na mtu wa kuwajibu.

Baadaye kulasi nyingine ilikuja kwa boti kutoka Kigoma. Adalbert aliisafisha, akalaza gasketi mpya, akakaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, mzunguko baada ya mzunguko, bila haraka. Injini iliwaka mara moja. Papa Germain akamwambia aende kulijaribu gari popote anapotaka, naye akaomba waende nalo Mpala. Milima yote walipanda, na maji hayakuchemka. Germain anasema njia nzima Adalbert alikuwa anaitazama sindano ya joto, na kila ilipotulia alifumba macho kama mtu aliyepigwa.

Mpala alipokelewa na mama mkwe wake, Mama Agathe, mzee asiyeweza tena kusafiri. Alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba. Vijana walikuwa wamechimba kaburi siku ile walipopata habari ya msiba. Lilikuwa wazi bado. Mzee alikataa lifukiwe.

"Hapa njo tulimungojea," alisema. "Floribert anasema wewe njo uliona ule ufa, peke yako."

"Mimi, Mama."

"Ungenyamaza, mukwe wangu. Gari ingekufa njiani, na hakuna muntu angekulaumu."

"Angeharibika mule njiani, Mama. Watu wangeziba pua mbele yake."

Mzee akampa jembe.

"Basi fukia wewe mwenyewe."

Adalbert alivua viatu akaanza. Floribert alikuja akasimama pembeni, mikono nyuma. Hakumsaidia, lakini hakuondoka mpaka udongo ulipolingana na ardhi.