Pale Magita Yanaponyamaza

Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, pikipiki ilipopita na kipaza sauti, ikitangaza kwamba orkestra yetu ya zamani inarudi Kindu kupiga Jumapili kwenye uwanja wa mpira. Rafiki yangu, mtu mwingine angeacha mchi akaruka. Mimi niliuacha mchi nikakaa chini. Orkestra ile naipenda tangu sijaota meno ya ukubwa, na tangu vita naiogopa vilevile. Mapenzi hayo na woga huo vinakaa ndani yangu kama wake wenza: havisalimiani, lakini hakuna anayehama.

Ngoja nikueleze. Tulikaa mtaa wa Kasuku, karibu na reli, mimi na kaka yangu mkubwa na nyanya aliyetulea. Kaka alikuwa fundi wa redio. Meza yake ilikuwa barazani, imejaa nyaya na vipaza sauti vilivyopasuka, na nguo zake zilinuka moshi wa risasi ya kuchomelea hata siku ya Idi. Yeye ndiye aliyetengeneza magita ya orkestra na zile ampli zao za kukuza sauti, ambazo zilikuwa na umri mkubwa kuliko mpiga ngoma. Walifanyia mazoezi uani kwa mtu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, nyuma ya ua wa matete. Kila alasiri nilikaa nje ya ua ule na ungo wa mchele wa Kibombo, nachagua mawe kwa kufuata gita la besi. Nyanya, mtu wa swala tano, alisema muziki ni mlango wa shetani. Lakini kazi ya mchele alinituma niifanyie palepale, kwa sababu aliona pale mchele unatakata upesi.

Kwetu wimbo bila majina ya watu ni kama wali bila chumvi. Mwimbaji humtaja katikati ya wimbo yule aliyemtendea wema, na aliyetajwa hutembea wiki nzima kifua mbele. Kaka alitajwa katika wimbo wao mzuri kuliko zote. Katikati ya wimbo magita yote yalinyamaza kwa pamoja, mwimbaji akaita jina lake, akauliza, "Iko wapi?", yaani yuko wapi. Na watu wote wakaitika, "Iko hapa!" Hapo, nilisimuliwa, kaka alisimama nyuma ya ampli akainua bisibisi yake juu. Hata sisi watoto nje ya ua tuliitika, tukicheka mpaka mchele unamwagika.

Lakini kuwaona wakipiga mbele ya watu sikuwahi, maana walipiga kwenye baa na mtoto haingii baa. Ombi langu kwa Mungu lilikuwa hilo moja, niwaone mara moja tu, na niione ile bisibisi ikipanda. Jina la kaka sikuandikii hapa. Utanisamehe, ni mazoea.

Vita ikaja. Treni ikaacha kulia. Chumvi ikawa kitu cha kulamba kwenye ncha ya kidole, sabuni tukaipika wenyewe kwa majivu na mawese. Tulijifunza kutofautisha bunduki ya ng'ambo ya mto, upande wa Alunguli, na bunduki ya huku kwetu, kama mtu anavyotofautisha jogoo wake na wa jirani. Wanajeshi walioshika mji walitafuta wenye foni, yaani redio za kuzungumza na watu wa mbali. Walisema kila fundi wa redio anaongea na watu wa msituni. Siku moja wakasimama mlangoni kwetu, wakamtaja kaka kwa jina lake.

Nyanya alikuwa na tasbihi mkononi. Hakupepesa jicho.

"Alienda Kampene kutafuta zahabu, baba zangu. Hata salamu hatutumiake."

Sikuwahi kumsikia nyanya akisema uongo kabla ya siku ile, na aliusema vizuri. Kaka alikuwa juu ya vichwa vyao, kwenye plafo, yaani dari, amelala kifudifudi kati ya magunia ya karanga. Tangu hapo aliishi darini. Nilimpandishia chakula kwa kamba, na jina lake likafa mdomoni mwetu. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," nyanya aliniambia kila nilipotoka kwenda kuteka maji. Niliuogopa ulimi wangu kuliko bunduki. Nililala nimeuma pindo la kanga, nisije nikaropoka ndotoni.

Aliyenitisha zaidi alikuwa jirani yetu, mama mkaanga ndizi. Yule mama tulimwita redio ya mtaa. Habari ikiingia kwake asubuhi, adhuhuri inasimuliwa bandarini, tena imeongezewa mafuta. Alipopita mbele ya nyumba yetu niliacha kupumua.

Ndipo komanda wa wale wanajeshi akaamuru muziki. Alitaka mji uonekane umetulia. Orkestra ipige Jumapili mchana uwanjani, na kila nyumba itoe watu. Ombi langu kwa Mungu likajibiwa siku niliyokuwa silitaki tena. Nyanya akasema, "Uende. Nyumba isiyokuwa na mutu kule, njo watakuja kuitazama." Akanikabidhi kwa jirani, yuleyule redio ya mtaa. Nilipopeleka chakula kabla ya kutoka, kaka alinong'ona kupitia tundu la dari.

"Usikilize muzuri ampli ya gita ya solo. Kama inakoroma, uniambie."

Hayo tu. Mji mzima unamtafuta, yeye anawaza ampli.

Uwanja ulijaa. Komanda alikaa kwenye kiti cha sofa kilichobebwa kutoka nyumbani kwa mtu, na askari wake walisimama kando kando. Jenereta ikawashwa. Gita la kwanza lilipolia, nakuambia kweli, nilisahau kila kitu. Mpiga solo niliyemjua kwa vidole vyake tu, kumbe alikuwa mtu mfupi mwenye viatu vikubwa. Mwimbaji alifumba macho akiimba, kama anayeonja mchuzi wa moto. Nililia kwa furaha, na jirani akanifuta kamasi kwa kitenge chake. Ampli haikukoroma.

Halafu komanda akainua mkono. Alikuwa amesikia kwamba Kindu kuna wimbo unaosifiwa kuliko zote. Aliutaka huo.

Mwimbaji alimtazama mpiga besi. Mpiga besi alitazama viatu vyake. Wakaanza. Nilijua kila hatua ya wimbo ule, na sasa nilizisikia zikija moja moja. Wangeweza kupapita pale pabaya bila kusimama. Labda walikuwa wamepanga hivyo. Lakini mkono wa mwanamuziki haupokei amri mpya kwa siku moja. Walipofika pale, vidole vilifanya kama vilivyozoea. Magita yote yakanyamaza kwa pamoja.

Mwimbaji alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga.

Nilisikia jenereta. Nilisikia mtoto akikohoa mbali, upande wa goli. Umati ule wote uliitika pale kwa miaka, ulevini na harusini, na mdomo mmoja tu ungetosha. Mlevi mmoja tu, au mtoto mmoja aliyezoea kuitika. Sijui kama nilikuwa nimefungua mdomo wangu. Najua tu kwamba kiganja kilinifunika uso, kikinuka mawese na kitunguu, kikanibana mpaka meno yakauma. Kilikuwa cha jirani. Alitazama mbele, hakunitazama.

Hapo nikaelewa kwamba anajua. Wote walijua: wauza samaki, wanafunzi, watu wa reli, walevi. Hakuna aliyekuwa ameamini habari ya Kampene hata siku moja. Siri yetu ilikuwa imekaa vinywani mwa mji mzima, na mji mzima ulikuwa umefumba kinywa.

Mpiga ngoma akagonga, magita yakarudi. Wimbo ulipoisha komanda alimwita mwimbaji kwa kidole.

"Kwa nini mulikata pale katikati?"

Mwimbaji akajipangusa jasho.

"Njo vile wimbo iko, mukubwa."

Komanda akaitikia kwa kichwa kama mjuzi wa muziki. Nami nikaenda nyumbani kumwambia kaka kwamba ampli haikoromi. Alicheka polepole. Nilipomwambia na yale mengine, nilisikia mbao za dari zikitikisika kwa muda mrefu.

Mvua zilipopungua aliondoka na wachimba dhahabu, kwa miguu, njia ya Lubutu, ili afike Kisangani. Hatukumwona tena. Nyanya alimwekea sehemu yake ya sombe kwenye sahani yenye kifuniko mpaka alipofariki. Jina hatukulirudisha. Mwanzo tuliliogopa, baadaye tulizoea kutolitaja, na mwishowe lilikuwa linauma tu.

Basi Jumapili nilikwenda. Nilivaa kitenge kizuri, nikasimama karibu na njia ya kutokea, kama ninavyofanya kila penye watu wengi. Ua wa matete haupo siku hizi, na jirani yangu hayupo. Pale kilipokuwa kiti cha komanda palikuwa na mama anauza mandazi. Katika orkestra nzima nilimtambua mwimbaji tu, mzee, ameketi kitini. Wapiga gita wake wote wamezaliwa baada ya vita. Lakini sauti ilikuwa ileile, na nililia kwa furaha kama zamani, safari hii bila mtu wa kunifuta.

Wakapiga wimbo wetu. Magita yakanyamaza pale pale.

Na uwanja mzima ukanyamaza. Vijana waliinua ngumi juu, wamebana midomo, wanatabasamu. Kuna mtu aliyekuwa amerekodi ile siku ya komanda, kaseti ikazunguka, wakaujifunza wimbo hivyo. Kwao ile ilikuwa sehemu tamu ya mchezo. Mdomo wangu ukafunguka, na hapakuwa na kiganja cha kuuziba.

Nikaliita jina la kaka yangu. Sauti ilitoka kali, mbaya, na mara ile nikageuka kutazama askari wako wapi. Hapakuwa na askari. Binti aliyesimama kando yangu akanigusa mkono kwa heshima.

"Mama, pale watu hawasemake kitu. Njo vile wimbo iko."

Nikamwambia kwamba zamani pale palikuwa na jina la mtu, fundi wa magita haya.

"Na iko wapi?" akauliza.

Niliutazama uwanja wote, umati wote ule, na hapakuwa na mtu wa kunisaidia kuitika. Magita yakaanza tena.