Tuta Nililolisifu Mwimbi

Nichekeni mkitaka, mimi mwenyewe nimeshindwa. Kiwanda kilipouzwa nikapunguzwa kazi, nikaenda kijijini Mwimbi kukagua kama panafaa kuhamia na wanangu.

“Masika mtu akiugua mnafanyaje?” nilimwuliza bibi aliyenipokea.

Aligeuka, akaniongoza shambani. Nikadhani hakusikia.

Kule Wafipa hufukia majani ndani ya matuta ya mviringo, yaoze yawe mbolea. Basi mimi, mjuaji, nikapanda juu ya tuta moja dogo kando ya shamba lake, nikachota udongo, nikaunusa.

“Bibi, udongo huu dhahabu! Humu mmefukia nini?”

“Shuka, mwanangu,” alisema taratibu. “Humo yumo mjukuu wangu. Mvua ilikata barabara, hospitali hatukufika.”

Nikashuka, udongo umejaa kiganjani, nisijue niurudishe vipi.