Dirisha la Vipimo vya Watu

Shangazi yangu ni fundi cherehani Chumbageni, na mimi, binti wa kaka yake, nililetwa kwake kutoka Pangani nirithi kazi. Sindano ilinishinda. Vifungo nilivyoshona mimi viliachia mbele za watu, tena kwenye vikao vya heshima. Nilichokipenda ni kutengeneza programu za kompyuta, zile zenye madirisha na vitufe vya kubofya, na nilijifunza kwa video za kwenye simu. Shangazi alipochoka kunisema akanipa sharti: nimtengenezee programu ya vipimo vya wateja. Akiikubali, niachane na cherehani. Akiikataa, nikae kitini nishone mpaka nizeeke.

Mwezi mzima nilihangaika na kompyuta kuukuu. Dirisha langu la kwanza lilikuwa na kitufe cha "Hifadhi" kilichokimbilia nje ya skrini kila ulipolikuza. La pili lilihifadhi vizuri, ila ukibofya "Funga" lilifuta kila kitu. La tatu nililipaka rangi saba, shangazi akauliza kama ni programu au ni leso. Nililia, mtu mzima mimi, kwa sababu ya kitufe.

Mwishowe nikapata jedwali: jina, kifua, kiuno, hipsi, urefu. Mwalimu wa kwenye video alisisitiza herufi ziwe kubwa, mtu asikodoe macho, nami nikaziweka kubwa. Tena ukibofya neno "Kiuno" pale juu, majina yanajipanga yenyewe, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Hapo nilijiona nimemaliza elimu. Skrini nikaielekeza kwenye benchi la wateja ili wayaone maendeleo.

Siku ya kuizindua walikuja wanawake kumi na wawili wa harusi moja kujaribu sare zao. Vipimo vyao tulikuwa navyo tangu wiki iliyotangulia. Nikawasha programu, wakasogea kuitazama. Nikabofya "Kiuno".

Juu kabisa likatokea jina la mama wa bwana harusi, na pembeni yake inchi hamsini na mbili.

Mmoja wa upande wa bibi harusi akasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Akasoma la pili. Alipofika la nne, benchi zima lilikuwa limesimama, watu wanabishana kama futi ya kupimia ilivutwa sawasawa.

"Hamsini na mbili ni mimi, au ni gunia la nazi?" aliuliza mama wa bwana harusi.

Wawili walijifunika leso usoni. Akatoka, na wa upande wake wote wakamfuata.

Shangazi alichomoa waya ukutani. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mwanangu, siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe umeuita mtaa mzima uje kuchungulia. Wadhani daftari langu la vipimo naliandika vibaya kwa kuwa sikusoma?"

Nilikuwa nikidhani hivyo hasa. Kumbe miaka yote aliandika mwandiko wa kuku makusudi, ili wa kwenye benchi wasiusome. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya vifungo.

Tulikwenda Pongwe kumwomba radhi yule mama. Nilimwambia shikamoo mara tatu ndipo akaitikia.

Nikarudi kwenye programu, jedwali nikalitupa. Sasa unaandika jina la mtu mmoja, vipimo vyake vinatokea nukta tupu, na vinasomeka, kwa herufi ndogo, pale tu unapokandamiza kitufe. Ukiinua kidole vinatoweka. Skrini sikuigeuza, niliiacha ikitazama benchi. Shangazi akamwita jirani ambaye habari za Chumbageni humpitia yeye kwanza, akamweka kwenye benchi asubuhi nzima huku tukifanya kazi. Adhuhuri jirani aliondoka amenuna.

"Mashine yenu mbovu," alisema. "Haionyeshi kitu."

Shangazi akafunga mlango, akashusha pazia, akanipa futi. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kujua vipimo vya shangazi, hata marehemu mumewe. Nguo zake hujishonea mwenyewe, peke yake.

"Nipime," alisema. "Uniandike humo."

Nikampima, nikabofya "Hifadhi". Kiuno chake ni inchi ngapi, msiniulize.